Jinsi ya kumpata mwalimu atakayekubali kukufundisha urubani wa burudani Marekani

Kila nikikaa na Waswahili wenzangu hapa Minnesota, iwe harusini Brooklyn Park au kwenye kikao cha msiba, mtu akisikia narusha ndege ndogo maswali huwa yale yale. Ulilipa kiasi gani? Ulichukua muda gani? Na yule aliyekwisha kujisomea kidogo huja na la tatu: "Kaka, nimeona kuna cheti kifupi cha saa 30. Nimepigia shule tatu, zote zimenikatalia. Wewe ulimpata wapi wa kukufundisha?" Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mpaka nimechoka. Nimeandika haya ili atakayeuliza tena nimtumie.

Cheti chenyewe, kwa kifupi

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilianzisha cheti cha rubani wa burudani mwaka 1989. Kanuni zake ziko Sehemu ya 61 ya kanuni za FAA, kifungu 61.96 hadi 61.101. Wenyewe wanakiita recreational pilot certificate, na jina hilo ndilo utakalolitaja ukiongea na mwalimu. Kinataka uwe na miaka 17, Kiingereza cha kusoma, kuandika na kuzungumza, na saa 30 za kuruka: zisizopungua 15 ukiwa na mwalimu na zisizopungua 3 ukiwa peke yako. Cheti cha rubani binafsi, ambacho ndicho kila shule inauza, kinataka 40, na wengi humaliza wameshapita 60.

Ukikipata unaruhusiwa abiria mmoja, ndege isiyozidi viti vinne, injini moja isiyozidi nguvu ya farasi 180, magurudumu yasiyokunjwa, mchana tu. Huvuki maili 50 za baharini kutoka ulipoondokea mpaka ufundishwe safari za mbali na mwalimu akusainie idhini. Viwanja vyenye mnara wa kuongozea ndege navyo hivyo hivyo, mpaka ufundishwe na usainiwe. Na huruhusiwi kulipwa kwa kurusha.

Sasa niseme jambo ambalo pengine litakuondolea haja ya kusoma yote haya. Tangu tarehe 22 Oktoba 2025, kanuni mpya inayoitwa MOSAIC imemfungulia milango rubani wa sport, mwenye cheti kingine kifupi zaidi. Yeye huanzia saa 20, anaweza kutumia leseni yake ya gari badala ya cheti cha afya, hana kikomo cha maili 50, na sasa anaruhusiwa hata ndege za viti vinne kama Cessna 172 iliyo ya kawaida, mradi abiria awe mmoja. Kwa wengi wenu jibu ni sport. Mimi nilipata cha burudani mwaka 2023, kabla ya hayo. Ningeanza leo ningefikiria mara mbili. Cha burudani kimebaki kwa anayetaka helikopta ya kawaida, anayetumia ndege isiyotimiza vipimo vya kasi vya sport, na aliyekwisha kuanza njia hii na hataki kuhama. Lakini kumtafuta mwalimu ni kazi ile ile kwa vyote viwili. Ukiamua sport, badilisha jina la cheti tu na hatua zibaki kama zilivyo.

Kwa nini wanakataa

Hawakatai kwa kukosa ruhusa. Mwalimu yeyote mwenye cheti kamili cha ualimu kwa aina ya ndege unayotaka anaweza kukufundisha cha burudani, bila kibali cha ziada. Anakataa kwa sababu hajawahi kumwona mwanafunzi wa aina yako: marubani wa burudani nchi nzima hawafiki mia mbili. Halafu walimu wengi ni vijana wanaokusanya saa 1,500 ili waingie mashirika makubwa, shule imewapa mtaala mmoja, na hawana muda wa kusoma vifungu vipya kwa ajili ya mtu mmoja. Na shule nyingi za mjini ziko kwenye viwanja vyenye mnara, kwa hiyo cheti kisichoruhusu mnara kinaonekana kama mzaha.

Ndiyo maana swali "Je, unafundisha cha burudani?" ni swali baya. Linajibiwa "hapana" kabla hujavuta pumzi. Swali zuri liko hatua ya 5.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

*Karatasi za uraia au kibali cha TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani.* Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa hiyo soma polepole. Ukiwa raia, mwonyeshe mwalimu pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia, naye ataandika kwenye logibuku yako, daftari la kumbukumbu za kuruka kwako, kwamba ameona. Kama si raia, hata kama una grini kadi ya miaka kumi, lazima upitie ukaguzi wa usalama wa TSA kabla ya somo la kwanza, pamoja na kuchukuliwa alama za vidole na kulipa ada inayozidi dola mia moja. Na si wewe tu: mwalimu naye, hata kama anajitegemea na hana shule, lazima awe amejisajili kwenye mfumo wa TSA. Wengine wanakataa wageni kwa sababu hiyo pekee, kwa kuogopa makaratasi. Mwenye viza ya muda azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Mimi si mwanasheria na jirani yako wa kanisani pia si mwanasheria.

*Cheti cha afya daraja la tatu.* Unajaza fomu ya MedXPress, ya FAA mtandaoni, kisha unaonana na daktari aliyeidhinishwa na FAA. Onyo kubwa: kama una kisukari, shinikizo la damu lisilotulia, tatizo la kukosa pumzi usingizini, au unatumia dawa za msongo, usijaze fomu hiyo kwa haraka. Omba kwanza kuzungumza na daktari huyo kama mshauri, bila fomu. Ukinyimwa cheti cha afya, ule mlango wa leseni ya gari kwenye sport nao unafungwa mpaka shauri lako limalizike. Namjua dereva wa malori aliyejaza fomu usiku akiwa kituo cha mafuta, akafunga milango miwili kwa kidole kimoja.

*Akaunti ya IACRA*, mfumo wa FAA wa kuombea vyeti mtandaoni, kwa ajili ya cheti cha rubani mwanafunzi. Mwalimu anathibitisha kitambulisho chako humo, kadi inakuja kwa posta baada ya wiki kadhaa. Huihitaji kuruka na mwalimu, unaihitaji siku ya kuruka peke yako.

*Fedha.* Nilikuwa nalipa dola 165 kwa saa ya ndege na dola 65 kwa saa ya mwalimu. Piga hesabu ya saa 40, usipige ya 30. Mimi nilifanya mtihani nikiwa na saa 43, na sikuwa mzembe. Ongeza daktari, mtihani wa nadharia na mtahini.

*Vifungu 61.96 hadi 61.101 vilivyochapishwa kwenye karatasi.* Ndiyo, karatasi. Utaona kwa nini.

Hatua

1. Chagua uwanja kabla ya kuchagua mwalimu.

Tafuta uwanja usio na mnara. Kwenye ramani ya marubani, ambayo inapatikana bure mtandaoni, viwanja vyenye mnara vimechorwa kwa bluu na visivyo na mnara kwa zambarau. Kwa sisi wa Minneapolis, Crystal, Flying Cloud na Blaine vina minara. Lake Elmo, Airlake kule Lakeville na Fleming Field ya South St. Paul havina. Nyumbani kwangu ni dakika kumi kutoka Crystal. Nilijifunza Lake Elmo, dakika arobaini kwa gari, na sijajuta hata siku moja. Mwalimu wa uwanja usio na mnara haoni cheti cha burudani kuwa mzaha, maana yeye mwenyewe anaweza kukaa wiki nzima bila kuongea na mnara.

2. Nenda kwa miguu yako, simu iache mfukoni.

Simu ya shule hupokelewa na mtu wa mapokezi, na kazi yake ni kukuuzia kifurushi. Nenda Jumamosi saa tatu asubuhi, siku ya jua. Tafuta jengo dogo lenye mashine ya kahawa na viti vya ngozi vilivyochanika. Kila uwanja mdogo Marekani unalo. Ukutani kuna ubao wa matangazo: ndege inauzwa, hanga (banda la ndege) inapangishwa, mwalimu anatafuta wanafunzi. Hiyo karatasi ya tatu ndiyo uliyoifuata.

Mara yangu ya kwanza nilisimama mbele ya ubao huo nimevaa sare ya kazini, nimetoka zamu ya usiku, macho mekundu. Mzee mmoja aliyekuwa anamimina kahawa akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia natafuta wa kunifundisha kurusha. Hakuniuliza nina cheti gani akilini wala nina pesa kiasi gani. Alisema, "Njoo uione kwanza," akanipeleka hanga ya tatu ambako alikuwa amefungua kifuniko cha injini ya Cessna 150, mafuta yanadondokea kwenye sufuria ya kukaangia iliyopauka. Hakuwa mwalimu. Lakini ndiye aliyenipa majina mawili, na moja kati ya hayo likawa langu.

3. Andika majina ya watu, si ya shule.

Unatafuta mtu wa namna hii: amestaafu au ana kazi nyingine, anafundisha wikendi kwa kupenda, hana haraka ya kwenda popote. Watafute hapa:

- Matawi ya EAA, chama cha wapenzi wa ndege ndogo chenye makao Oshkosh, Wisconsin. Yanakutana mara moja kwa mwezi, mara nyingi kwenye hanga, na mgeni anakaribishwa. Kama una watoto wa miaka 8 hadi 17, waulize kuhusu Young Eagles. Wanarushwa bure, na wewe unapata saa nzima ya kuongea na marubani.
- Semina za usalama za FAA, zinatangazwa kwenye FAASafety.gov. Ni bure. Mtoa mada mara nyingi ni mwalimu.
- Orodha za vyama vya walimu, NAFI na SAFE, na orodha ya shule ya AOPA, chama cha wamiliki wa ndege na marubani.
- Klabu za urubani, ambako wanachama humiliki ndege kwa pamoja.

Uwe na majina matano. Likipungua moja utaanza kumbembeleza mtu asiyefaa.

4. Hakiki cheti cha kila mmoja.

Kwenye tovuti ya FAA kuna sehemu ya kumtafuta rubani kwa jina. Angalia kama ni mwalimu, na ni mwalimu wa ndege za injini moja. Hapa kuna mtego: kuna walimu wa sport, ambao ualimu wao uko chini ya kanuni tofauti. Hao wanafundisha sport tu. Wanaweza kuwa wazuri kupindukia, lakini hawawezi kukusainia mtihani wa burudani. Pia zamani kadi ya mwalimu ilikuwa na tarehe ya mwisho. Tangu Desemba 2024 mpya hazina, ila mwalimu lazima awe ametimiza masharti ya kujihuisha ndani ya miezi 24. Muulize ana kwa ana amejihuisha lini. Mtu safi hajibu kwa kununa.

5. Mwandikie ujumbe mfupi wenye swali zuri.

Uandike kwa Kiingereza chako mwenyewe, mistari isiyozidi minane. Usiombe radhi kwa lafudhi wala usieleze ulikozaliwa. Weka haya: jina, kazi, siku unazoweza kuruka, kwamba karatasi za uraia au TSA ziko tayari, kwamba cheti cha afya unacho, na kwamba fedha za miezi sita ziko kando. Kisha swali:

*Utakuwa radhi kunifundisha kwa mpangilio wako wa kawaida wa rubani binafsi, halafu nikifikisha saa 30 na ukiona nimeiva, unipeleke mtihani wa burudani kwanza?*

Ona swali hilo linavyofanya kazi. Halimwombi mtaala mpya. Halimpotezei mwanafunzi, maana kila saa utakayoruka inahesabiwa baadaye kwenye cheti cha rubani binafsi. Na uamuzi wa lini umeiva umemwachia yeye, jambo ambalo walimu wote wanalipenda. Mimi nilipouliza lile swali baya nilipata "hapana" nne. Nilipobadilisha, kati ya watu watatu wawili walisema niende tuongee.

6. Nenda na karatasi zako.

Mwalimu wangu, mzee aliyestaafu kazi ya ufundi, alipandisha miwani kwenye paji la uso, akaisoma 61.99 akifuata mistari kwa kalamu ya risasi, na kila sharti akaliwekea alama: saa 15 na mwalimu, tiki, saa 2 za kwenda uwanja ulio zaidi ya maili 25 na kupaa na kutua mara tatu huko, tiki, saa 3 za maandalizi ndani ya miezi miwili kabla ya mtihani, tiki, saa 3 peke yako, tiki. Akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi nyuma. Hakuna. "Ni hivi tu?" Akanirudishia. Ndipo nilipojua nimempata.

Hofu yao ya kweli ni saini. Mwalimu anaogopa kuandika idhini vibaya, mtahini akaikataa mbele ya watu. Mwambie maneno kamili ya idhini zote za burudani yako kwenye waraka wa FAA namba AC 61-65, ni kunakili. Mwambie pia kwamba mwanafunzi wa burudani akitaka kuruka peke yake kwenye viwanja vyenye mnara, idhini yake ipo kwenye kifungu 61.94. Ukizijua namba hizo mbili, mwalimu anakaa vizuri kitini.

7. Ruka naye mara moja kabla ya kuahidi chochote.

Omba safari ya kuonja. Kwa asiye raia, safari ya kuonja haihitaji kibali cha TSA, ila isiandikwe kuwa somo.

Ukiwa juu, angalia mikono yake. Mwalimu mzuri hukuachia usukani mapema, akaweka mikono mapajani, akakuacha ukosee kidogo ndipo aseme. Mbaya anashika kila unapotikisika, halafu mkishuka anakueleza hadithi za ajali alizowahi kuziona. Sikiliza pia kama unamwelewa kwenye vipokea sauti. Ukimwomba arudie mara tatu kwa dakika moja na bado hujaelewa, mtafute mwingine. Si kosa la mtu yeyote.

8. Kubalianeni kwa maandishi.

Ujumbe wa simu unatosha. Bei ya saa yake hewani, na bei ya saa ya kufundishwa mezani, maana wengine wanatoza na wengine hawatozi. Mkiahirisha kwa hali ya hewa nani analipa nini. Ndege ni ya nani na bima yake inamfunika nani. Mara ngapi kwa wiki: chini ya mara mbili utakuwa unalipa kujikumbusha ya juzi.

Usilipe kifurushi mbele. Kabla ya Lake Elmo nilianza kwenye shule moja nisiyoitaja. Nikalipa saa kumi kwa mkupuo ili nipate punguzo. Ndani ya miezi mitatu walimu wawili wakaondoka kwenda mashirika, ndege ikaingia matengenezo, na nilipodai kilichobaki nikaambiwa nisome mkataba. Nilisoma. Kilikuwa kimeandikwa, herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Tangu hapo nalipa nikishuka kwenye ndege, si kabla.

9. Mtafute mtahini mapema.

Mtihani wa vitendo unasimamiwa na mtahini aliyeteuliwa na FAA, na orodha yao iko kwenye tovuti ya FAA. Mwambie mwalimu ampigie mmoja ukiwa na saa 20 hivi. Watahini nao wengi hawajawahi kusimamia wa burudani, na wana foleni ya wiki nyingi. Mtihani wa nadharia una maswali 50, unapita kwa asilimia 70. Ufanye kabla hujafika hapo ili usikushughulishe mwishoni.

10. Tumia ile safari ya maili 25 vizuri.

Sisi tulikwenda uwanja wa Red Wing, ambao una jina la mji wa Minnesota lakini wenyewe uko upande wa Wisconsin, ng'ambo ya Mississippi. Unaufuata mto mpaka unaona miamba, njia ya kurukia iko chini yake. Mwombe mwalimu akufundishe siku hiyo hiyo mambo ya safari za mbali, dira, mafuta na hali ya hewa, ili ile idhini ya kuvuka maili 50 ije mapema. Bila hiyo utakuwa unazunguka shamba la jirani mpaka uchoke.

Mambo yakikwama

*Mwalimu ameondoka.* Hili litakutokea, jiandae. Kila baada ya somo logibuku isainiwe hapo hapo, si "tutasaini wiki ijayo", na uipige picha kila ukurasa. Saa zisizo na saini ya mwalimu hazihesabiki kama mafunzo. Mwalimu mpya atataka saa moja au mbili kukupima. Usinune, angekuwa mjinga asipofanya hivyo.

*Wote wamekataa, hata kwa swali zuri.* Anza rubani binafsi kwa mwalimu unayemwamini na usitaje burudani mpaka saa 20. Wakati huo anakujua, na mazungumzo yanakuwa mengine. Hujamdanganya: masomo ya mwanzo ni yale yale, kupaa, kugeuka, kutua, kupoteza injini.

*Bima inakataa.* Tofautisha mambo mawili. Kama mwanafunzi kwa kawaida unafunikwa. Shida huja baada ya cheti, ambapo klabu au shule inataka anayekodi awe rubani binafsi. Uliza hilo kabla ya somo la kwanza, na ukijibiwa hivyo, hamia klabu nyingine au tafuta mwenye ndege anayetaka wa kugawana naye gharama.

*TSA imekaa kimya.* Angalia kwenye mfumo kama mwalimu amethibitisha ombi lako upande wake. Mara nyingi faili limelala kwake, si kwa serikali. Mpigie, kisha mkae pamoja mbele ya kompyuta mpaka amalize.

*"Sikuelewi redioni."* Lafudhi haikunyimi cheti, kutoeleweka ndiko kunakokunyima. Sisi tuna tabia ya kuliwekea kila neno irabu mwishoni, na hewani, kwa kelele za injini, silabi moja ya ziada inaharibu namba. Sikiliza LiveATC, tovuti inayorusha mazungumzo ya redio za ndege, nusu saa kwa siku, utamke nyuma yao kwa sauti, hata kwenye gari. Namba zinatamkwa tarakimu moja moja kwa makusudi, hiyo ni nafuu kwetu. Mimi nilimwekea mke wangu namba za ndege kwenye karatasi jikoni awe ananisahihisha, mpaka watoto wakawa wanaomba ugali kwa lugha ya redio.

*Baridi.* Minnesota, Januari, injini inapashwa joto kwanza na somo linaahirishwa wiki tatu mfululizo. Tumia miezi hiyo kwa nadharia. Lakini ile sharti ya saa 3 za maandalizi ina muda wake: ikipita miezi miwili kabla ya mwezi wa mtihani, unazirudia na unazilipia upya. Mimi nilirudia moja na nusu.

*Mtahini ameghairi siku ya mtihani.* Mwulize mwalimu kama idhini yako ya mtihani bado iko ndani ya muda, hesabu zile saa 3 tena, na umpigie mtahini wa pili kabla hujaondoka uwanjani.